Je, 2,147,483,647 ni namba tasa, na ndiyo sababu kompyuta iligota hapo?

Ndugu msomaji, umeniandikia kwamba wewe ni mhazini wa chama cha kuweka na kukopa, na kwamba siku moja programu mnayotumia kuandikia hesabu ilionyesha jumla ya akiba kuwa −2,144,967,296, ilhali daftari lako lilisema shilingi 2,150,000,000 kamili. Kijana aliyewatengenezea programu alikueleza kuwa chombo hicho hakiwezi kuhesabu kupita 2,147,483,647, kisha akaongeza kwamba namba hiyo ni tasa, na kwamba watu waliujua utasa wake kabla ya kompyuta kuwepo. Unauliza mambo matatu: kama fedha za wanachama zimepotea, mtu asiye na mashine aliwezaje kujua kwamba namba kubwa kiasi hicho haigawanyiki, na kama utasa huo ndio uliosababisha kompyuta igote hapo. Ni maswali mazuri, na yote matatu yanajibiwa na jambo moja ambalo kila mtoto wa shule ya msingi amelifanya: kugawanya na kutazama baki.

Fedha hazijapotea. Kompyuta huandika namba kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, na kila nafasi ya tarakimu huitwa biti. Nafasi ya kwanza kutoka kulia ina thamani ya 1, ya pili 2, ya tatu 4, ya nne 8, kila moja ikiwa maradufu ya ile iliyotangulia. Programu yenu imetengewa biti 32 kwa kila namba, na kwa kuwa ilibidi iweze kuandika namba hasi pia, nusu ya michanganyiko yote imeachiwa namba hasi, na biti ya kushoto kabisa ndiyo inayozitambulisha. Zinabaki biti 31 za kuandikia namba chanya. Ukizijaza zote kwa 1, unapata 1 + 2 + 4 + 8 na kuendelea hadi 1,073,741,824. Huna haja ya kujumlisha thamani hizo thelathini na moja ili kujua jibu. Ongeza 1 tu juu yake: hiyo 1 itakutana na 1 ya mwanzo na kuwa 2, hiyo 2 itakutana na 2 iliyopo na kuwa 4, hiyo 4 itakutana na 4 na kuwa 8, na kadhalika mpaka nafasi zote zimemalizika na umebaki na 2³¹, yaani 2,147,483,648. Jumla yenyewe basi ni pungufu kwa moja, 2³¹ − 1. Naomba ulikumbuke umbo hilo, kwa sababu karibu kila tutakachosema kuhusu namba hii kinatoka humo.

Sasa tazama kilichotokea kwenye hesabu zenu. Mashine ikiwa imefika 2,147,483,647 na ikaongezewa 1, zile 1 zote thelathini na moja hugeuka 0, na 1 iliyobebwa huangukia kwenye biti ya kushoto kabisa. Mashine inapoisoma inaona alama ya hasi, nayo huandika −2,147,483,648. Kutoka hapo huendelea kupanda kama kawaida, −2,147,483,647, −2,147,483,646, kama mtu aliyezunguka mduara na kutokea upande wa pili. Mduara huo una hatua 4,294,967,296, yaani 2³², ambayo ndiyo idadi ya michanganyiko yote ya biti 32. Kwa hiyo chukua namba ya ajabu uliyoiona, −2,144,967,296, uiongezee 4,294,967,296, na utapata 2,150,000,000, sawasawa na daftari lako bila kupungua hata shilingi moja. Mashine haikukosea kujumlisha, bali ilikupa jibu sahihi pungufu ya mzunguko mmoja mzima.

Nakuonya kwa dhati juu ya jambo moja. Jumla halisi ikipita 4,294,967,296 kabla programu haijarekebishwa, mashine itarudi kuonyesha namba chanya ndogo, na kosa hilo ni baya kuliko hili la sasa kwa sababu halitamshtua mtu yeyote. Na kama programu ingekuwa inaweka hesabu kwa senti, kikomo kingekuwa shilingi 21,474,836 na senti 47, kiasi ambacho chama cha wastani hukifikia mapema sana. Fundi wenu ahamishie jumla kwenye namba za biti 64, ambazo kikomo chake ni 9,223,372,036,854,775,807. YouTube nao walilazimika kufanya hivyohivyo mwaka 2014, pale video moja ya muziki kutoka Korea Kusini ilipotazamwa mara nyingi kuliko kaunta yao ya biti 32 ilivyoweza kuhesabu. Saa za kompyuta nyingi za zamani zinasubiri zamu yao: zinahesabu sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970, na sekunde ya 2,147,483,647 itaangukia tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde inayofuata, saa ambayo haijarekebishwa itasoma Desemba 1901.

Nije kwenye swali lako la pili, ambalo nakiri ndilo lililonifanya nikae chini kukuandikia kwa kirefu. Namba tasa ni namba nzima kubwa kuliko 1 isiyogawanyika bila baki kwa namba nyingine yoyote isipokuwa 1 na yenyewe. Kuonyesha kwamba namba si tasa ni rahisi kueleza, kwani unatoa kigawo kimoja na shauri limekwisha. Kuonyesha kwamba ni tasa kunakutaka uthibitishe kuwa kitu fulani hakipo popote, na huo ndio uzito wake. Kuna nafuu moja inayojulikana tangu kale: namba ikiwa zao la namba mbili, ndogo kati ya hizo mbili haiwezi kuzidi kipeuo cha pili cha namba yenyewe. Kipeuo cha pili cha 2,147,483,647 ni 46,340 na sehemu. Kwa hiyo ukijaribu namba tasa zote hadi 46,340 na kila moja ikaacha baki, umemaliza. Lakini namba tasa hizo ni zaidi ya 4,700, na ukitumia dakika tano kwa kila mgawanyo utakaa mezani karibu saa 400, na kosa moja la kubeba tarakimu linatosha kuharibu kazi yote.

Katika kitabu kilichotoka mwaka 1603, mwanahisabati Pietro Cataldi wa Bologna, Italia, alifuata njia hiyo ndefu na kuthibitisha kwa haki kwamba 2¹⁷ − 1 na 2¹⁹ − 1 ni tasa. Akadai pia kwamba vipeo vya 23, 29, 31 na 37, yaani ile namba ndogo inayoandikwa juu ya 2, vinatoa namba tasa. Mwanahisabati Pierre de Fermat wa Ufaransa alimsahihisha mwaka 1640 kuhusu 23 na 37, na Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi, akamsahihisha karibu miaka mia moja baadaye kuhusu 29, kwa kuwa 2²⁹ − 1 ni 233 × 1,103 × 2,089. Ilibaki 31. Mtawa wa Ufaransa Marin Mersenne, ambaye jina lake ndilo lililoshikamana na namba za umbo hili, aliitaja 31 katika orodha yake ya mwaka 1644, lakini hakutoa uthibitisho. Baada ya makosa matatu ya namna moja, mtu makini hakuwa na sababu ya kuamini kwa mdomo.

Aliyemaliza shauri alikuwa Euler huyohuyo, katika barua kwa mwanahisabati mwenzake Bernoulli iliyochapishwa mwaka 1772, wakati akiishi St. Petersburg na akiwa karibu kipofu kabisa. Hakujaribu namba 4,700. Alijiuliza kwanza: kama namba hii ina kigawo, kigawo hicho kinalazimika kuwa cha sura gani?

Ili uione hoja yake kwa macho, tuanze na ndugu yake mdogo, 2¹¹ − 1, yaani 2,047. Hii si tasa, ni 23 × 89. Chukua 23 iwe kigawanyi, anza na 1 na uzidishe kwa 2 tena na tena, na kila unapopita 23 uitoe na kuacha baki tu. Unapata 2, 4, 8, 16, kisha 32 inabakisha 9, halafu 18, 13, 3, 6, 12, na mwisho 24 inabakisha 1. Hesabu hatua: ni kumi na moja. Baada ya hapo mzunguko unaanza upya, 2, 4, 8, bila mwisho. Kurudi kwenye 1 baada ya hatua 11 ndiko kunakomaanisha kwamba 2¹¹ inabakisha 1 ikigawanywa kwa 23, yaani 2¹¹ − 1 inagawanyika kwa 23 kabisa. Sasa, Fermat alikuwa amegundua kwamba kwa namba tasa yoyote isipokuwa 2 yenyewe, ukizidisha 2 mara pungufu moja ya namba hiyo lazima urudi kwenye 1. Kwa 23, hatua 22 lazima zikurudishe kwenye 1. Hatua 11 zinakurudisha, hatua 22 zinakurudisha, na hii haina budi, kwa sababu 22 ni mizunguko miwili ya 11. Jaribu kigawo cha pili, 89: pungufu moja ni 88, ambayo ni mizunguko minane ya 11.

Rudi sasa kwenye 31. Tuseme kuna namba tasa, tuiite *p*, inayogawanya 2³¹ − 1. Basi kuzidisha kwa 2 mara 31 kunaturudisha kwenye 1. Urefu wa mzunguko wenyewe lazima ugawanye 31, na kwa kuwa 31 ni tasa, urefu huo ni 31 au 1. Hauwezi kuwa 1, maana hapo 2 yenyewe ingebakisha 1. Kwa hiyo ni 31. Vilevile hatua *p* − 1 lazima zikamilishe mizunguko mizima, hivyo *p* − 1 inagawanyika kwa 31. Na kwa kuwa namba yetu ni witiri, *p* nayo ni witiri, kwa hiyo *p* − 1 ni shufwa na inagawanyika kwa 62. Ghafla vigawo vyote vinavyowezekana ni 63, 125, 187, 249 na wenzao, kila mara ukiongeza 62. Namba 3, 5, 7, 11, 13 na maelfu mengine yameondolewa bila kugawanya hata mara moja.

Euler hakuishia hapo. Ikiwa 2³¹ inabakisha 1, basi 2³² inabakisha 2. Lakini 2³² ni mraba wa 2¹⁶. Kwa hiyo upo mraba ambao ukigawanywa kwa *p* unabakisha 2, na namba tasa zenye sifa hiyo zinajulikana vizuri: ni zile tu ambazo zikigawanywa kwa 8 zinabakisha 1 au 7. Kwa mfano 7 inayo, kwa sababu 3 × 3 ni 9 inayobakisha 2. 23 inayo, kwa sababu 5 × 5 ni 25. Lakini 5 haina, maana miraba yake hubakisha 0, 1 au 4 peke yake. Unganisha sharti hili na lile la 62, na unabaki na namba za sura mbili tu: zile zinazozidi kigawe cha 248 kwa 1, na zile zinazokizidi kwa 63.

Hesabu zimebaki ngapi. Za sura ya kwanza zinaanza 249 na kuishia 46,129, nazo ni 186. Za sura ya pili, ukiiacha 63 yenyewe ambayo si tasa, zinaanza 311 na kuishia 46,191, nazo pia ni 186. Jumla 372, na nyingi kati yake zinaanguka kwa kuzitazama tu: 249 inagawanyika kwa 3, 497 kwa 7, 559 kwa 13, 745 kwa 5, 807 kwa 3. Namba tasa za kwanza kabisa zinazostahili kujaribiwa ni 311, kisha 1,303, kisha 1,489. Kazi ya saa 400 imekuwa kazi ya siku moja au mbili.

Tuijaribu 311 pamoja, na tena bila mgawanyo mrefu. 2⁸ ni 256, ambayo ni 311 pungufu 55, kwa hiyo tuiandike −55. Mraba wake ni 2¹⁶, yaani 3,025. Toa 311 mara kumi na ubaki na −85. Zidisha hizo mbili upate 2²⁴: −55 kwa −85 ni 4,675, na 311 mara kumi na tano ni 4,665, hivyo baki ni 10. Imebaki kuzidisha kwa 2⁷, yaani 128: 10 × 128 ni 1,280, na 311 mara nne ni 1,244, baki 36. Kwa hiyo 2³¹ inabakisha 36, na namba yetu, pungufu kwa moja, inabakisha 35. Haikugawanyika. Ukitaka kuhakiki kwa njia ya kawaida, 311 × 6,905,092 ni 2,147,483,612, na ukiongeza 35 unafika. Mistari minne ya hesabu, na tumeipita 311. Fanya vivyo hivyo kwa zilizosalia, hakuna itakayobakisha sifuri, na hapo unakuwa umethibitisha wewe mwenyewe, kwa kalamu yako, kile alichothibitisha Euler. Nimewahi kuifanya kazi hiyo yote kwa mkono na naipendekeza kwa mwalimu yeyote wa sekondari mwenye wanafunzi kumi wa kugawana.

Kwa zaidi ya miaka sabini baada ya hapo hakuna namba tasa kubwa kuliko hii iliyothibitishwa. Ilitoa pia namba kamilifu ya nane, yaani namba iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vyote vilivyo vidogo kuliko yenyewe, kama 6 ambayo ni 1 + 2 + 3, au 28 ambayo ni 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Zidisha 2,147,483,647 kwa 2³⁰ na unaipata: 2,305,843,008,139,952,128. Mwaka 1811 Peter Barlow wa Uingereza aliandika kwamba hiyo ndiyo kubwa kuliko zote zitakazogunduliwa, kwa sababu namba hizi ni za kushangaza tu, hazina faida, na hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. Alikosea kwa yote mawili. Mwaka 1876 Édouard Lucas alithibitisha kwamba 2¹²⁷ − 1 ni tasa, na mwaka 1883 Ivan Pervushin wa Urusi akathibitisha 2⁶¹ − 1, ambayo haikuwemo kabisa katika orodha ya Mersenne.

Njia ya Lucas, iliyokuja kunyooshwa na Derrick Henry Lehmer katika miaka ya 1930, haina haja ya kujaribu kigawo hata kimoja. Anza na 4. Ipige mraba, utoe 2, uache baki baada ya kugawanya kwa namba unayoichunguza, rudia. Kwa kipeo cha 31 unarudia mara 29, na ukimaliza kwa sifuri namba ni tasa, usipomaliza kwa sifuri si tasa. Ijaribu kwa kipeo kidogo cha 5, yaani namba 31, ambapo unarudia mara tatu: 4 inakuwa 14, 14 inakuwa 194 ambayo inabakisha 8, na 8 inakuwa 62, ambayo ni 31 mara mbili, baki sifuri. Kwa namba yetu mlolongo unaanza 4, 14, 194, 37,634, 1,416,317,954, na kutoka hapo ndipo mabaki yanaanza kufanya kazi. Hatua ishirini na tisa tu, ingawa kila moja ni nzito kwa mkono. Kwa njia hiyohiyo, na mashine zenye nguvu, imethibitishwa namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana ninapoandika haya, 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1, iliyotangazwa Oktoba 2024 na yenye tarakimu 41,024,320.

Sasa swali lako la tatu. Utasa wa 2,147,483,647 sio uliosababisha kompyuta igote hapo. Kompyuta iligota kwa sababu biti zilikwisha. Waliozibuni mashine walizoea kuongeza ukubwa wa namba maradufu, biti 8, 16, 32, 64, na ukitoa biti moja ya alama unapata vipeo 7, 15, 31 na 63. Kati ya vikomo vinavyotokana navyo, 127 ni tasa na 2,147,483,647 ni tasa, lakini 32,767 ni 7 × 31 × 151, na kile kikomo kirefu cha biti 64 ambacho fundi wenu atahamia kinagawanyika kwa 7.

Sababu ya vile viwili kugawanyika unaweza kuiona kwenye biti zenyewe. Andika 1 kumi na tano mfululizo na uzigawe matatu matatu: 111 111 111 111 111. Kila fungu ni 111, ambayo kwa kawaida yetu ni 7, kwa hiyo namba nzima inagawanyika kwa 7, kama vile 555,555 inavyogawanyika kwa 555 bila kuuliza. Ukizigawa tano tano, kila fungu ni 11111, yaani 31, na namba nzima inagawanyika kwa 31. Biti 63 nazo zinagawika matatu matatu. Lakini 1 thelathini na moja mfululizo hazipangiki kwa mafungu yaliyo sawa kwa namna yoyote, kwa kuwa 31 yenyewe ni tasa. Kipeo kuwa tasa ni lazima, ila hakutoshi: 11 ni tasa na bado 2,047 iligawanyika, 23 ni tasa na bado 2²³ − 1 ni 47 × 178,481. Kwa hiyo kijana wenu alikuambia mambo mawili yaliyo kweli, na mzizi wao ni mmoja, umbo la 2³¹ − 1, ila moja halikuzaa la pili.

Utasa huo, hata hivyo, ulikuja kuleta faida ambayo Barlow hakuitarajia. Mwaka 1969 watafiti wa Marekani, wakifuata wazo la Lehmer, walipendekeza njia ya kuzalisha namba zinazoonekana kama za bahati nasibu: chukua namba uliyo nayo, izidishe kwa 16,807, yaani 7⁵, gawanya kwa 2,147,483,647, na baki ndilo namba inayofuata. Ukianza na 1 unapata 16,807, kisha 282,475,249, kisha 1,622,650,073, kisha 984,943,658. Kwa kuwa kigawanyi ni tasa na 16,807 imechaguliwa vizuri, mlolongo huo hupita kila namba kutoka 1 hadi 2,147,483,646, kila moja mara moja tu, ndipo urudi mwanzo. Umetumika miaka mingi katika michezo ya kompyuta na majaribio ya kisayansi, lakini usimruhusu fundi autumie kutengenezea namba za siri za wanachama, maana anayeiona namba moja anaweza kuijua inayofuata. Na baki lenyewe ni rahisi kwa mashine kulipata: kama unavyojua baki la kugawanya kwa 9 kwa kujumlisha tarakimu, kwa kuwa 10 inabakisha 1, ndivyo baki la kugawanya kwa 2³¹ − 1 linavyopatikana kwa kukata biti mafungu ya thelathini na moja na kuyajumlisha, kwa kuwa 2³¹ inabakisha 1.

Umeuliza pia, mwishoni mwa barua yako, kama namba hii ikiwekwa yenyewe kuwa kipeo itazaa tasa nyingine. Swali hilo lina mantiki, kwa sababu 3 ilizaa 7, 7 ikazaa 127, na 31, ambayo nayo ni 2⁵ − 1, ndiyo iliyozaa 2,147,483,647. Namba ya 2 kwa kipeo cha 2,147,483,647, ukitoa 1, ina tarakimu zaidi ya milioni 646, na hakuna mkono utakaoiandika. Lakini si tasa. Kigawo chake kimoja, kilichopatikana mwaka 1983, ni 295,257,526,626,031, na unaweza kukipima kwa masharti yale mawili ya Euler. Kitoe 1 na ugawanye kwa 2,147,483,647: utapata 137,490 kamili, na ni shufwa kama inavyotakiwa. Kisha gawanya kigawo chenyewe kwa 8, ambapo zinatosha tarakimu tatu za mwisho, 031, na utaona inabakisha 7.